Kabuti la Baba Mkwe

Nililifua kabuti lile bila kutumwa na mtu. Naanzia hapo kwa sababu miaka yote hii nimewasikia jamaa wakisimulia jinsi baba mkwe wangu alivyopanda mlima Rungwe na mgeni wa Kizungu, na kila mmoja anaanzia anapopenda: huyu anaanza na mvua, yule na mzungu, mwingine na mapenzi ya Mungu. Mimi ndiye niliyekuwa jikoni siku ile. Mambo yalianza na kimbelembele changu, beseni la maji na kipande cha sabuni ya mche.

Nilikuwa sijatimiza miaka miwili ya ndoa. Kwetu ni Iringa, upande wa juu wenye upepo, ambako baba yangu alilima mahindi na njegere na kuimba besi kwenye kwaya ya Walutheri. Mume wangu alikuja kwetu kuezeka paa la shule. Alikuwa seremala, Mnyakyusa wa chini ya Rungwe, mtu wa maneno matamu hata akiwa na misumari mdomoni. Tulifunga ndoa kanisani kwetu, tukapanda lori la mizigo, tukalala Igawa chini ya turubai kwa kuwa springi ilikatika, na siku ya tatu nikashushwa kwenye nchi ya migomba na ukungu ambako sikujua hata kuomba maji ya kunywa kwa lugha yao. Hatukukaa sana, mume akaenda kutafuta kazi migodini Rhodesia ya Kaskazini, kama vijana wengi wa pale. Nikabaki na wakwe zangu na wifi yangu mmoja.

Kwetu Iringa mkwe anaheshimiwa. Unapiga magoti, unasalimia kamwene, unapokea mzigo wake, unakwenda zako. Huku nilikuta habari nyingine. Mke wa mtoto hatakiwi kumtazama baba mkwe usoni, wala kusema naye, wala kuingia nyumba aliyomo, wala kukatiza mbele yake. Nikikutana naye njiani nitoke njiani, niiname, nijifunike kanga kichwani mpaka hatua zake zipotee. Naye anatakiwa asinifedheheshe: akikaribia mahali ninapoweza kuwapo akohoe, na akiniona kwa bahati mbaya atazame pembeni na kuharakisha. Mchungaji alikwisha kutangaza kanisani kwamba Mkristo hafungwi na mambo hayo. Waumini walimwitikia amina, wakatoka nje, na wanawake wakashika njia ya migombani ili wakwe zao wapite barabarani. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa hilohilo.

Kwa hiyo nilikaa nyumbani kwa mtu zaidi ya mwaka mzima nikimjua kwa miguu na kikohozi. Jiko letu lilikuwa la mianzi, lina mlango mmoja tu unaotazama uani, na kupitia nyufa za ukuta niliiona miguu yake ikipita: mipana, imepasuka visigino, kucha ya kidole gumba cha kushoto nyeusi. Kikohozi chake kilikuwa cha namna mbili. Kimoja kifupi, cha kupiga hodi. Cha pili kilikuwa kikohozi chenyewe, kilichomshika kila alfajiri na kumkunja mpaka nikasikia akishika nguzo ya baraza. Kifua hicho alirudi nacho kutoka vitani, alikokuwa akibeba mizigo ya askari, na huko ndiko alikopata lile kabuti. Mengine ya vita hakuyasimulia, au alisimulia mahali ambapo mimi nisingeweza kuwapo.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mimba yangu ya kwanza iliharibika mwezi wa tatu, na jirani mmoja akasema wazi kisimani, mbele ya ndoo zetu zote, kwamba huyu Mhehe alikatiza mbele ya mkwe wake ndiyo maana. Sikuamini. Lakini mume alipokuja likizo, akarudi migodini na kuniacha na mimba ya pili, nilikuwa najificha hata nikisikia mbuzi akikohoa. Nilishika adabu ile kuliko mabinti waliozaliwa nayo, na wanawake walipoanza kunisifu, nikavimba kichwa. Nilitaka niwe mke wa mtoto ambaye hata jirani wa kisimani angekosa la kumsema.

Mgeni alikuja mwezi wa nne, mvua zikiwa bado hazijaamua kuondoka. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, jamaa wa mzungu mmoja mkulima wa tumbaku wa kwetu Iringa, na huku kwetu alifikia kwa mzungu wa shamba la chai. Ilisemekana kazi yake duniani ni kupanda milima iliyowahi kutapika moto. Alikuwa amekwisha kuipanda mingine huko kwao na nchi nyingine, na sasa alitaka Rungwe, alale juu usiku mmoja, aamke aone ziwa Nyasa lote limelala chini yake. Watu wote wa pale walijua kwamba anayetaka kwenda juu huenda kwa baba mkwe wangu. Ndiye aliyejua njia ya mianzini, alikokata mianzi tangu ujana, na njia ilianzia nyuma ya migomba yake.

"Bwana anasema mlima huu ni moto umelala," aliwaambia wapagazi, nami nikimsikia kutoka jikoni. "Mimi huko juu moto sijauona. Nimeona baridi."

Wakacheka. Alikuwa na sauti ya chini, isiyo na haraka, na niliipenda sauti ile. Nalisema leo, maana wakati ule nisingethubutu kulisema hata moyoni.

Safari ilipangwa kuwa Alhamisi. Jumatatu gari la shamba la chai lilishusha mizigo uani kwetu: hema, kitanda cha kukunja, sanduku la vyombo, kandili mbili, makopo ya nyama na maziwa, mablanketi manne ya mtu mmoja. Baba mkwe aliigawa mwenyewe. Alikuwa na desturi yake: mzigo ukishafungwa, huutia kichwani mwake kwanza, anazunguka nao ua mara moja, ndipo anampa mpagazi. Ukimwelemea shingoni anaufungua na kuupunguza. Nilihesabu miguu ile ikizunguka ua na mizigo sita, na baada ya kila mzigo akiketi na kukohoa. Hakuna aliyemwambia apumzike. Mama mkwe alinong'ona tu kwamba mume wake ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia.

Sisi wanawake tulikuwa na shughuli zetu. Mama mkwe alichagua maharage, wifi alitwanga mahindi ya unga wa wapagazi, mimi nilikata majani ya mgomba na kuyapitisha motoni yalainike, tupate kufungia vyakula. Kisha mama mkwe akanituma. Kiswahili alijifunza ukubwani, alikisema polepole.

"Wewe mwanangu, toa nguo ya baba ile ya mlimani. Anika."

Nguo ya mlimani ilikuwa kabuti. Lilining'inia kwenye dari ya jiko, juu ya moshi, zito, la rangi ya majani makavu, vifungo viwili vimesalia. Lilinuka moshi, tumbaku na mbuzi. Nililitoa nje nikalitazama kwenye mwanga, nikaona aibu. Mzee wa kanisa atapanda mlima na mgeni wa heshima akiwa ndani ya kitu kama hiki? Na kwa kuwa sikuruhusiwa kumpa baba mkwe wangu maji mkononi, wala kumsalimia, wala kumwuliza ameamkaje na kifua chake, nikaona hapa nimepata njia ya kumtendea jambo moja zuri. Niliambiwa nianike. Mimi nikafua.

Nilifua kwa nguvu zangu zote. Maji yalitoka meusi, nikabadilisha, yakatoka ya kahawia, nikabadilisha tena. Nilikuwa nikiimba. Hesabu yangu ilikuwa ya Iringa: kwetu ukianika blanketi asubuhi, upepo na jua la mlimani vinakurudishia jioni likiwa kavu kabisa. Nilikuwa na siku tatu. Nilishakaa chini ya Rungwe muda wa kutosha kuona kwamba jua la pale linakuja kusalimia tu, lakini mikono yangu ilikuwa bado ya kwetu.

Mama mkwe aliporudi kutoka shambani alilikuta kwenye kamba, linachuruzika.

"Umefua?"

"Nimefua, Mama."

"Yote?"

"Lote, Mama."

Alilishika pindo, akalikamua kidogo, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Hii kabuti haifuliwi," akasema. "Toka vita haijafuliwa." Akautazama mlima. Haukuonekana. Kulikuwa na wingu tu, limekaa pale ambapo mlima hukaa. "Safari Alhamisi. Labda itakauka."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona mapema. Aliingia jikoni akaongeza kuni, na tangu jioni ile kabuti likawa juu ya fito, linatoa mvuke. Jumanne nzima nililigeuza kama mtu anayechoma nyama. Kufikia jioni mgongo ulikuwa umeanza kukauka, lakini mabega na bitana vilikuwa vizito bado, na mifukoni ukitia mkono unautoa umelowa.

Jumatano asubuhi mama mkwe na wifi walikwenda mnadani, upande wa pili wa mto, kununua chumvi na usipa, dagaa wa ziwani, wa kuwapa wapagazi njiani. Walisema watarudi jioni. Nilibaki na moto wangu na kabuti langu.

Jua lilikuwa halijapanda sana niliposikia gari. Mzungu alikuwa ameamka kwenye baraza la shamba la chai, akauona Rungwe mzima, wazi, bila wingu, na hakuweza kuvumilia. Nilimwona kupitia ufa: kaptula, soksi ndefu, fimbo, uso umejaa furaha ya mtoto.

"Leo! Leo nzuri sana!" alisema. "Kesho iko wingu."

"Bwana, tulisema kesho," baba mkwe alijibu. "Chakula cha watu bado. Wanawake wako mnadani."

"Chakula iko. Makopo mingi. Watu yote takula."

Walibishana kidogo, kwa adabu, na mambo yakaenda kama yalivyokuwa yakienda zama zile. Baba mkwe alipiga ukelele mmoja kuelekea bondeni, wapagazi wakaja mmoja mmoja wakifunga mikanda. Mizigo ilikwisha kupimwa. Kila mtu alitia ngata kichwani, akainua mzigo wake, na aliyepewa panga akatangulia kufungua njia. Mimi nilikuwa nimelitoa kabuti kwenye fito na kulikumbatia. Upande mmoja lilikuwa la moto, upande mwingine lilikuwa linaniloweshea tumbo. Nilikuwa nafikiri haraka. Mlango wa jiko ni mmoja, unatoka uani, na uani yupo yeye. Nikitoka nitakutana naye uso kwa uso mbele ya watu saba. Nikilirusha nje nitakuwa nimemrushia mkwe nguo, jambo ambalo hata kichaa hafanyi. Nikasema moyoni, ngoja mpagazi mmoja akaribie jiko nimnong'oneze. Hakukaribia hata mmoja. Walijua jikoni yumo mke wa mtoto, wakaheshimu.

Baba mkwe aliingia nyumbani kwake, akatoka. Alikwenda kwenye kamba ya kuanikia, akaishika. Kisha akaja upande wetu. Alikohoa kikohozi cha hodi, akasimama penye migomba iliyopakana na jiko, na akasema kwa sauti, bila kumgeukia mtu:

"Kabuti yangu siioni. Na huko juu baridi si ya mchezo."

Niliona ni mzee anayejisemea mwenyewe, kama wazee wanavyofanya. Nilikunja magoti, nikajifunika kanga, nikabana pumzi asije akajua kwamba nipo karibu kiasi kile. Mzungu akamwita. Akaondoka.

Nilipotoa kichwa, ua ulikuwa mtupu. Hapo ndipo akili ilinirudia, nikakimbia.

Sikushika njia yao, maana mguu wangu haukuruhusiwa kukanyaga nyayo zake. Nilipita migombani, kisha mashamba ya maharage, kisha ukoka uliolowa umande, mimba ya miezi mitano mbele na kabuti mgongoni. Nilikuwa na mpango rahisi: nimpate mtu yeyote, mwanamke anayelima, mtoto anayechunga, nimpe akimbie nalo. Siku ile ilikuwa ya mnada. Mashamba yote yalikuwa matupu. Nikaona basi nitamfikia mpagazi wa mwisho. Lakini wa mwisho alikuwa baba mkwe. Hivyo ndivyo alivyotembea siku zote, nyuma ya mizigo yake, ili aone nani anayumba. Kati yangu na kila mtu ambaye ningeweza kusema naye alikuwapo yeye.

Niliwakuta pale mianzi inapoanza. Wengine walikwisha kuingia. Nilisikia panga likikata. Yeye alikuwa amesimama, mkono kwenye mwanzi, anapumua. Nilikuwa karibu mno, hatua labda arobaini, na nilikanyaga kijiti kikavu. Aligeuka. Nilianguka chini kwenye majani, nikajifunika kichwa, na kabuti nikalilalia. Nadhani aliona kanga. Nadhani aliona mwanamke aliyejikunyata akimficha uso, na akajua ni nani, maana nani mwingine angejificha vile? Akafanya kama mtu mwenye adabu anavyopaswa. Alikohoa kidogo, akatazama pembeni, na akaingia mianzini kwa haraka, kwa kifua kile, ili nisikae chini muda mrefu na hali yangu.

Nililia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, na mume wangu aliyeko migodini, na mchungaji aliyesema jambo halafu akaliacha vilevile. Kisha nikalitundika kabuti kwenye mwanzi uliokatwa, mahali panapoonekana, nikijiambia kwamba mpagazi mmoja atarudi kuchukua kitu, mtu husahau kitu siku zote. Nikateremka.

Wingu lilirudi saa nane. Saa kumi mvua ilianza, na jioni ikageuka mawe. Nilikaa jikoni nikiyasikiliza yakipiga majani ya migomba. Mama mkwe na wifi hawakurudi. Mto ulijaa, wakalala ng'ambo. Walifika Alhamisi mchana, wamelowa, wamebeba usipa wao kichwani, wakitegemea safari imeahirishwa. Niliwaambia jinsi ilivyokuwa. Mama mkwe alitua mzigo.

"Na kabuti?"

"Liko mianzini, Mama. Nimelitundika."

Alishika fimbo yake akaenda kwa majirani, na baada ya muda nikaona wanaume wawili wakipanda kwa kukimbia. Mimi nilibaki na matumaini yangu ya kijinga. Safari ilikuwa ya usiku mmoja. Wangekuwa tayari wanateremka, wangekutana na kabuti njiani, na baba mkwe angelivaa lilivyo na kucheka na wenzake juu ya mwanamke wa Iringa anayefua vitu visivyofuliwa.

Lakini kule juu Alhamisi asubuhi kulikuwa na ukungu, na ziwa halikuonekana. Mgeni alikuwa ametoka mbali. Akaomba wangoje. Wakangoja mchana kutwa, ukungu haukuondoka, akaomba usiku mmoja zaidi. Baba mkwe alikubali. Alikuwa na shati, fulana na blanketi moja jepesi, lililokwisha kulowa. Wapagazi walisema walikumbatiana kuzunguka moto wa kuni mbichi, na kwamba yeye alikaa upande wa nje, upande wa upepo, kwa kuwa kikohozi chake kingewanyima usingizi.

Ijumaa alfajiri ilipambazuka safi kabisa. Mgeni aliliona ziwa lake. Alikwenda kumwita kiongozi wake aje alione naye, akamkuta ameketi, kichwa juu ya magoti, baridi kama mawe aliyokalia.

Walimteremsha kwa machela ya mianzi. Wale wanaume wawili walishikwa na giza mianzini wakalala huko, asubuhi wakakutana nao njiani, na kabuti ndilo walilomfunika. Nililiona kabla sijamwona mtu yeyote. Lilitoka migombani likiwa limelala juu ya kitu kirefu, jeusi kwa maji, na mikono yake miwili ikining'inia pembeni. Mimi nilijificha. Ndiyo, hata hapo nilikimbilia nyuma ya jiko na kujifunika, kwa mazoea, na nilisikia wanawake wakianza kulia uani kabla sijakumbuka kwamba hakuna tena wa kumkimbia.

Mzungu alikuja mazishini. Alisimama pembeni ameshika kofia, uso mwekundu, machozi yanaingia kwenye ndevu. Alimwendea mama mkwe akasema, "Mimi pole sana, mama. Yeye hapana sema baridi. Mimi uliza, yeye sema hapana baridi." Alirudia mara tatu, kama kwamba akilisema vya kutosha mtu atamwambia si kosa lake. Mama mkwe alimjibu "ndaga," asante. Sikumchukia. Nilijaribu, ingekuwa nafuu, lakini kila nilipoanza nilikuta beseni langu limetangulia.

Mume wangu alipelekewa barua. Watu walikuja, wakala, wakaimba, wakaondoka. Hakuna aliyenisema. Wifi alinitandikia mahali pazuri pa kukaa kwa sababu ya mimba. Hata jirani wa kisimani alinishika mabega akasema nilijitahidi, nilipanda mpaka mianzini na tumbo lile, na sikuvunja adabu. Alisema kwa sifa. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya nne tulikuwa jikoni, mimi na mama mkwe, tunamenya ndizi za wageni waliobaki. Alikuwa hajasema mengi tangu mazishi. Aliniuliza ghafla, macho kwenye kisu.

"Siku ile anaondoka, alisema nini?"

Nilimwambia. Kabuti yangu siioni, na huko juu baridi si ya mchezo.

"Alisema na nani?"

"Na mtu yeyote, Mama. Alikuwa anajisemea."

"Anatazama wapi?"

"Migombani. Hapa, karibu na ukuta."

Kisu kilisimama. Alinitazama, na nilimwona akielewa jambo ambalo mimi sikulielewa.

"Mwanangu," akasema, "alikuwa anakuuliza wewe."

Niligeuka kuutazama ukuta wa mianzi.

"Mkwe hasemi na wewe. Anasema na mgomba, wewe unasikia. Halafu wewe unasema na mgomba, yeye anasikia. Mimi na mkwe wangu, baba yake yeye, tumesema hivyo mpaka amekufa, hata kumwambia ng'ombe ametoroka. Ungesema tu hapohapo ndani: mgomba wee, kabuti iko kwangu, bado mbichi. Basi. Angengoja, au angetafuta nyingine." Aliweka ndizi kwenye chungu. "Mume wako hakukuambia?"

"Hakuniambia, Mama."

"Mimi nilijua amekuambia." Akaokota ndizi nyingine, akaizungusha mkononi bila kuimenya. "Baada ya kusema, alisimama muda mrefu?"

"Hapana, Mama. Kidogo tu."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi. Nilimdanganya, na alikufa akiamini hivyo. Wapagazi wote walikuwa wamekwisha kutoka uani. Mzungu alimwita mara ya kwanza, hakuitika. Alimwita mara ya pili, hakuitika. Alisimama pale, ameielekea migomba, nami nyuma ya ukuta wa mianzi nimekumbatia kabuti lake, hatua sita baina yetu, nimebana pumzi. Alipoitwa mara ya tatu alisema, "Haya basi," polepole, kama mtu aliyeomba akanyimwa, ndipo miguu yake ikageuka.